Homa Ikipanda, Upimwe Nini?

Inapofika Juni, baridi ya alfajiri ikishuka kutoka milima ya Ukaguru na Rubeho, Kilosa nzima hukohoa. Wanafunzi wanakohoa darasani, abiria wanakohoa kwenye basi la Dumila, na pale Mikumi, ambako barabara kuu ya Iringa, Mbeya na Zambia hupitisha watu usiku na mchana, virusi husafiri pamoja na abiria. Kwa kweli mafua hayangoji baridi; katika nchi za joto kama yetu yapo mwaka mzima. Lakini ni miezi hii ndipo swali husikika sana kwenye madirisha ya maduka ya dawa: “Hivi, naweza kupimwa mafua?” Wenye ndugu Uingereza au Marekani wamesimuliwa kwenye simu kwamba huko mgonjwa huingizwa kijiti puani, na baada ya robo saa anaambiwa kama ana mafua makali ya aina A au B. Kwa nini na sisi tusipimwe hivyo?

Swali ni la haki, na nitalijibu kabla ya kuingia ndani. Kwa watu wengi wa wilaya hii, kipimo cha mafua si cha kukimbilia. Cha kukimbilia ni kipimo cha malaria, tena mapema, siku ileile homa ilipoanza au kesho yake. Na malaria ikikosekana, kazi ndiyo kwanza inaanza. Hapo ndipo wengi wetu tunapotea njia, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tuanze na mafua yenyewe. Mafua ya kawaida huja taratibu: koo linawasha, pua inatiririka, chafya haziishi, homa ni ndogo au haipo kabisa, na mtu anaweza kwenda shambani akarudi. Homa ya mafua, ile inayoletwa na virusi vya influenza, huangusha mtu ghafla. Asubuhi umekwenda kazini mzima. Jioni unatetemeka, kichwa kinagonga, mgongo na mapaja yanauma, kikohozi ni kikavu, chakula hakipiti. Dalili huanza kati ya siku 1 na 4 baada ya kuambukizwa, na mgonjwa huweza kuambukiza wenzake tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya hadi siku ya 5 au ya 7 ya ugonjwa. Mtu mwenye afya njema hupona mwenyewe kwa takriban wiki moja, ingawa kikohozi na uchovu vinaweza kubaki wiki mbili na zaidi.

Sasa mweleze dalili hizo za kuangushwa ghafla mama yeyote wa Ruhembe au Rudewa, umuulize ni ugonjwa gani. Atakujibu: malaria. Ana sababu ya kusema hivyo, maana siku ya kwanza na ya pili malaria na homa ya mafua hazitofautishwi kwa macho wala kwa kiganja kwenye paji la uso. Corona nayo huanza vivyo hivyo. Tuna msemo mitaani, “malaria yangu naijua”, na watu wazima wenye akili zao huutumia kununua mseto, dawa ya malaria, bila kupimwa. Naupinga msemo huo kwa moyo wote. Hakuna anayeijua malaria yake kwa kuihisi. Daktari mwenyewe haijui mpaka apime.

Kipimo cha mafua kipo cha aina mbili. Kile cha haraka, cha kijiti na karatasi, ni chepesi lakini hukosea kwa upande mmoja: kikisema unayo, mara nyingi ni kweli, ila kikisema huna, bado unaweza kuwa nayo, kwa sababu kinawapita wagonjwa wengi. Kile cha uhakika ni PCR, kinachosaka vinasaba vya kirusi chenyewe. Hicho kinahitaji mashine, wataalamu, na sampuli iliyotunzwa kwenye ubaridi tangu inapotoka puani mpaka inapofika maabara. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2008, hospitali chache zilizoteuliwa huchukua sampuli za wagonjwa wenye homa na kikohozi na kuzipeleka Dar es Salaam, na leo Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ipo Mabibo. Lengo kubwa la kazi hiyo ni kujua ni kirusi gani kinazunguka nchini, na kukikamata kipya kabla hakijasambaa. Tulionja umuhimu wake mwaka 2009: Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la mafua ya H1N1 tarehe 11 Juni, na mwezi uliofuata kirusi hicho kilithibitishwa Tanzania.

Kwa hiyo ukilazwa, au ukiwa hospitali, na mhudumu akaomba kuingiza kijiti puani mwako kwa ajili ya uchunguzi wa mafua, kubali. Kinaumiza kidogo, macho yanatoka machozi, kisha basi. Majibu yanaweza kuja ukiwa umeshapona, na usione kwamba umepotezewa muda. Mwaka 1918 mafua yalipoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa Vita Kuu, yalifuata reli, bandari na misafara ya askari na wapagazi, yakaua makumi ya maelfu ya watu Tanganyika peke yake, na hapakuwa na maabara ya kuwaambia watu ni nini kinawamaliza. Kilosa ipo kwenye reli ya kati tangu enzi za Wajerumani, na sasa ipo pia kwenye reli ya mwendokasi. Ugonjwa unaopanda treni Dar es Salaam utashuka hapa siku hiyohiyo.

Wapo ambao homa ya mafua kwao ni hatari ya kweli: wajawazito, watoto wadogo hasa walio chini ya miaka miwili, wazee, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye selimundu, pumu, kisukari, magonjwa ya moyo au ya figo. Hao wasingoje siku ya tatu. Ipo dawa ya kupambana na kirusi cha mafua, oseltamivir, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Haipatikani kila mahali, na uamuzi wa kuitoa ni wa daktari, ambaye akiona hali ni mbaya anaweza kuianza au kuagiza rufaa bila kungoja majibu ya maabara. Lakini hawezi kuamua lolote juu ya mgonjwa aliyebaki nyumbani. Mjamzito mwenye homa, hata ndogo, aende kituoni siku hiyohiyo. Mafua makali na malaria vyote viwili vinaweza kumgharimu yeye na mtoto.

Basi umefika zahanati, au kituo cha afya, au Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, au Mtakatifu Kizito pale Mikumi. Jambo la kwanza unaloomba ni kipimo cha malaria. Kidole kinatobolewa, tone moja la damu linawekwa kwenye kifaa, na baada ya dakika 15 hadi 20 majibu yanasomwa. Kuna jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawalisemi na wahudumu wengi hawaliulizi: kama umetumia mseto ndani ya wiki chache zilizopita. Liseme. Kipimo hicho cha haraka kinasaka protini inayoachwa na vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyekwisha kupona malaria anaweza kuonekana bado anayo, akapewa mseto mara ya pili, huku homa yake ya leo ina chanzo kingine kabisa. Ukiwa mtu wa namna hiyo, omba damu iangaliwe kwa hadubini, ambako anayetafutwa ni mdudu mwenyewe.

Malaria ikionekana, mseto ni dozi 6 kwa siku 3. Ya pili inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza, zilizobaki asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili dawa iingie mwilini sawasawa. Usiache ukijisikia nafuu siku ya pili, wala usimwekee mdogo wako vidonge vilivyobaki. Na ujue kwamba kuonekana kwa malaria hakufukuzi magonjwa mengine: mtoto anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa wakati mmoja, na kikohozi chake kinahitaji kuangaliwa hata kama kifaa kimeonyesha mistari miwili.

Malaria isipoonekana, watu hukasirika. Nimewasikia wakitoka maabara wakisema kipimo ni kibovu, au mhudumu hajui kazi, kisha wananyoosha moja kwa moja hadi duka la dawa kununua mseto uleule walionyimwa. Naomba tuelewane hapa. “Hakuna malaria” ni jibu kamili. Limekuondolea ugonjwa unaoua haraka, limekuokolea dawa ambayo isingekusaidia, na limemwambia daktari aelekee kwingine.

Tena jibu hilo ni la kawaida kuliko tunavyodhani. Watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa waliofikishwa kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, mji wa mkoa wetu huuhuu wa Morogoro, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Malaria ilikutwa kwa watoto wapatao 10 katika kila 100. Zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, yaani koo, pua, kifua. Na kwa ujumla, watoto 70 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibiotiki haiugusi. Kwa watu waliolazwa Moshi miaka ya 2007 na 2008 tofauti ilikuwa ya kutisha zaidi: kati ya wagonjwa 870 wenye homa, zaidi ya nusu waliandikiwa kuwa wana malaria, na walipochunguzwa kwa undani, wenye malaria kweli hawakufika hata 2 katika kila 100. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, brusela, homa za kupe, na magonjwa ambayo kwayo kila siku ya kumeza dawa ya malaria ilikuwa siku iliyopotea. Moshi ina malaria kidogo kuliko kwetu, kwa hiyo hesabu zake si zetu. Kosa lililofanyika, hata hivyo, ndilo letu.

Malaria ikikosekana, mara nyingi jina linalofuata ni taifodi. “Una malaria na taifodi” imekuwa kama salamu. Taifodi ipo, inaua, na Kilosa yenye visima vya wazi na mafuriko haiwezi kuidharau. Lakini kipimo kinachotumika mara nyingi, Widal, hakitafuti mdudu wa taifodi. Kinapima kinga ya mwili, na kinga hiyo inaweza kuwa imebaki kutoka ugonjwa wa miaka iliyopita, au imeamshwa na homa nyingine. Widal moja peke yake haitoshi kumthibitishia mtu taifodi. Kipimo cha uhakika ni kuotesha damu, na hicho kipo kwenye hospitali kubwa. Katika ule utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara, taifodi ilikutwa kwa watoto wasiofika 4 katika kila 100. Ukiambiwa una taifodi, uliza kwa heshima: “Daktari, imeonekana kwa kipimo gani?” Kuuliza si ujinga, wala si kumdharau mtu. Ukipewa sababu za daktari, siku ngapi za homa, tumbo likoje, kwa nini anashuku hivyo, utameza dawa kwa moyo mweupe. Ukikosa sababu yoyote zaidi ya karatasi ya Widal, unayo haki ya kutaka maelezo zaidi.

Baada ya taifodi huja antibiotiki za kubahatisha. Mtu ana mafua ya siku mbili, anataka amoksilini. Asipopewa zahanati ananunua vidonge vinne dukani, anameza viwili, vingine anatunza. Kirusi cha mafua hakifi kwa amoksilini wala kwa sindano yoyote ya antibiotiki, hata iwe ya bei gani. Kinachotokea ni kwamba bakteria wanaoishi mwilini mwako wanajifunza kuistahimili dawa hiyo, na siku mtoto wako atakapopata nimonia ya kweli, dawa iliyokuwa imuokoe itakuwa imekwisha nguvu. Hii ni hasara ya kijiji kizima, kwa sababu bakteria sugu hawabaki kwa aliyewazalisha.

Lakini je, antibiotiki haifai kamwe? Inafaa, kwa wakati wake: nimonia ya bakteria, na baadhi ya homa ambazo wilaya hii inazo kwa sababu ya namna tunavyoishi.

Julai 2022, watu wa wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi walianza kuugua homa, kichwa na uchovu mkubwa, na baadhi kutokwa damu puani. Nchi iliogopa. Sampuli zilipimwa Ebola, Marburg na Corona, hazikuonyesha kitu. Hatimaye Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni leptospirosisi, ikaiita homa ya Mgunda. Wagonjwa walioripotiwa wakati huo walikuwa 20, na 3 walikuwa wamefariki. Bakteria wa ugonjwa huo hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi kwenye maji na tope, na huingia kwa mtu kupitia michubuko ya ngozi, macho na mdomo. Sasa tazama kwetu: wakata miwa wa Ruhembe na Kidodi, wanaopanda mpunga miguu peku majarubani, na watu wa mjini Kilosa ambao Mto Mkondoa uliwafikia vitandani Desemba 2009, ukawahamisha maelfu na kuharibu reli. Homa ya Mgunda ikitambuliwa mapema hutibika kwa antibiotiki za kawaida kabisa. Ikiachwa inaweza kuharibu figo na ini.

Wafugaji nao wana homa zao. Maziwa mabichi na damu ya mnyama anayezaa au aliyetupa mimba huleta brusela: homa inayokuja na kuondoka kwa wiki nyingi, jasho la usiku, viungo na mgongo kuuma, mtu anakonda. Na baada ya mvua kubwa zisizo za kawaida ipo homa ya bonde la ufa. Mlipuko wa mwaka 2007 uligusa mikoa 10 ya Tanzania, ukiwemo Morogoro, na watu 144 walifariki. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wakianza kutupa mimba kwa wingi, usichinje wala kupasua mzoga, usinywe maziwa ambayo hayajachemshwa, toa taarifa kwa afisa mifugo, na ukipata homa mwambie daktari habari hiyo kabla hajaanza kuandika.

Hapa ndipo penye ushauri ambao ningependa kila nyumba iubebe. Daktari wa zahanati ana foleni ndefu na dakika chache. Maelezo yako ndiyo yanayomwonyesha njia. Usiseme tu “homa na kichwa”. Sema hivi: “Shikamoo daktari. Homa ilianza juzi jioni, ghafla. Nakohoa, kohozi ni jeupe. Nilimeza panadoli jana usiku na leo asubuhi, mseto sijagusa. Nafanya kazi ya kukata miwa, wiki iliyopita tulikuwa kwenye maji. Nyumbani mke wangu na mtoto wanakohoa pia.” Kwa maneno hayo machache umempa siku, dawa ulizotumia, kazi, maji, na wagonjwa wengine nyumbani. Ongeza kama umekuwa na mifugo inayougua, umeng'atwa na kupe, au umesafiri. Watu wa Mikumi, wenye nyumba za wageni na migahawa na wanaopanda malori, wasisahau la safari: Kagera imepata milipuko ya Marburg mwaka 2023 na 2025, na barabara zinaunganisha nchi yote. Unapokuwa na wasiwasi na homa isiyoeleweka inayoshika watu wengi kwa pamoja, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Kikohozi kinachozidi wiki mbili kina njia yake. Hicho kiombee kipimo cha kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni bure nchini kote, na kwa baadhi ya sampuli hata panya buku waliofunzwa pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, husaidia kuzinusa na kubaini waliopitwa na hadubini. Usikubali chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi kabla ya kipimo hicho. Homa za kujirudia zikiambatana na kukonda, pima na virusi vya UKIMWI; kipimo hicho nacho ni bure. Kipimo kimoja cha namna hii kimewarudishia watu wengi maisha ambayo mafua yalisingiziwa kuyachukua.

Kwa watoto, kipimo chenye thamani kuliko vyote hakihitaji maabara wala fedha, na mzazi anaweza kukifanya nyumbani usiku. Mpakate mtoto akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Inua nguo uone kifua na tumbo. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Fungua saa ya simu, uhesabu kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, maana pumzi za mtoto hazilingani. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi anapokaribia mwaka akifikisha 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka mno, na penye kikohozi hiyo ni dalili ya nimonia. Rudia kuhesabu mara ya pili ili uhakikishe. Kisha tazama chini ya mbavu: akivuta pumzi, je, sehemu hiyo inadidimia ndani? Hapo usingoje asubuhi. Usingoje pia kama hawezi kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama amelegea au haamki vizuri. Na kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa yoyote aende hospitali, bila mjadala wa bibi wala wa jirani. Sera ya nchi inawasamehe watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito gharama kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo mfuko mtupu usikufungie ndani.

Mtu mzima naye ana mipaka yake: kukosa pumzi, kifua kuuma, kuchanganyikiwa, kukohoa damu, kushindwa kunywa maji, homa kuvuka siku tatu. Na ipo dalili moja inayodanganya. Mgonjwa wa mafua anapata nafuu, anarudi kazini, kisha baada ya siku mbili tatu homa inarudi kwa nguvu na kikohozi kinakuwa kibaya kuliko mwanzo. Watu husema mafua yamerudi. Mara nyingi ni bakteria walioingia kwenye mapafu yaliyokwisha kuchoshwa na kirusi, na hapo antibiotiki inahitajika kweli, kwa maelekezo ya daktari.

Ukiwa umepimwa, malaria haipo, na dalili hizo za hatari hazipo, basi mafua yanauguzwa nyumbani. Pumzika, kunywa maji, uji na supu, fungua madirisha, lala mbali kidogo na mtoto mchanga, kohoa kwenye kiwiko, nawa mikono. Asali na limau hutuliza koo, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Panadoli hupunguza homa na maumivu: kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na kwa mtoto ifuate uzito wake. Soma karatasi za zile dawa za mafua za mchanganyiko, kwa sababu nyingi zina paracetamol ndani, na mtu akimeza hizo pamoja na panadoli anaweza kuliumiza ini bila kujua. Asprini usimpe mtoto mwenye mafua. Kujifukiza mvuke si vibaya kwa mtu mzima anayeweza kujihadhari, lakini watoto huungua kwa sufuria za maji ya moto, na mvuke hauui kirusi.

Chanjo ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida nchini, ila zile zinazomkinga mtoto na sehemu kubwa ya nimonia zimo, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Angalia kadi ya kliniki leo. Aliyekosa dozi apelekwe.

Hifadhi karatasi za majibu, zote, kwenye daftari moja la familia: tarehe, kipimo, kilichoonekana, dawa iliyotolewa. Daktari wa Kilosa akimpa mgonjwa rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Morogoro, daftari hilo linaokoa kazi ya siku nzima, na linazuia mtu kupewa kwa mara ya tatu dawa iliyoshindwa mara mbili.

Kwa walio mbali, kama watu wa Vidunda wanaoshuka mlima mrefu kabla ya kuona lami, uamuzi hufanywa mchana. Mtoto aliyeamka na homa ahesabiwe pumzi saa nane, saa tisa, wakati bado kuna mwanga na bodaboda ziko kijiweni, wala isingojwe saa nne ya usiku. Weka namba za vijana wawili wa bodaboda kwenye simu, na nauli ya kwenda na kurudi iliyotengwa ambayo haiguswi hata sukari ikiisha.